Ngugi Kahiga Wawili

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimeajiriwa tena, kwa siku thelathini. Mwalimu mstaafu wa miaka sitini na mmoja, sasa karani wa kuandikisha wapiga kura. Kituo chetu ni darasa la tatu B la Shule ya Msingi ya Kihuroini, ambamo nilifundisha miaka kumi na tisa. Tumepewa hilo kwa sababu siku hizi hakuna B.

Mwenzangu ni Monicah, ana miaka ishirini na sita, simu mbili na roho nzuri. Msimamizi wetu, Bwana Gicheru, alituletea mashine ya alama za vidole na lengo letu: wapiga kura wapya mia sita na arobaini kufikia tarehe nne Novemba. Alisema Mlima, yaani sisi wa Mlima Kenya, lazima uongeze idadi, la sivyo mwaka ujao hatutasikika Nairobi. Nikamuuliza kama hao mia sita na arobaini anawajua. Akacheka. Sikuwa nikifanya mzaha.

Wamekuja wanne. Mvua ilianza saa nane.

Jumanne, 6 Oktoba

Wawili.

Jumatano, 7 Oktoba

Mmoja. Alikuwa amekuja kuuliza kama hapa ndipo wanapeana mbolea.

Ijumaa, 9 Oktoba

Kwa kukosa kazi, nilimwomba mwalimu mkuu zile rejista za zamani za kuandikisha wanafunzi. Atakayepiga kura mara ya kwanza mwaka ujao aliingia darasa la kwanza mwaka wa 2015, kwa hiyo hesabu ya Gicheru haikuhitaji kutafutwa kwenye mkutano Nyeri mjini. Ilikuwa kabatini. Mwaka wa 1994 niliandikisha watoto themanini na wanne, A na B. Mwaka wa 2015 waliingia ishirini na watatu. Mwaka huu wameingia kumi na mmoja.

Wale ishirini na watatu nawajua walipo karibu wote. Tisa wako Nairobi, wanne Nakuru, wasichana wawili wanakata maua Timau, mmoja yuko Uarabuni, na mmoja hakuna anayejua. Waliobaki huku ni sita, na wanne kati yao ndio waliokuja Jumatatu.

Nilimpigia simu Thuranira, tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Anafundisha mbali kule kaskazini, kupita Isiolo. Darasa lake la kwanza lina watoto tisini na sita, nusu wanakaa sakafuni. Yeye anataka madawati, mimi nataka watoto. Nilimwonyesha Monicah hesabu hiyo.

"Mwalimu," akasema, "si basi uchaguzi ilishapigwa, iko tu hapa kwa kabati?"

Nikamwambia arudishe rejista kabla vumbi halijamwingia kifuani.

Jumatatu, 12 Oktoba

Watatu. Alikuja pia Moffat, anayemtafutia kura mtu anayetaka ubunge. Ana koti zuri na anasalimia kila mtu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, shida yetu ni moja," alisema. "Wamama wa huku waliacha kuzaa. Wengine wanazaa, sisi tunaangalia TV. Sasa tutashinda na nini?"

Miaka ya themanini na tisini nilitumwa na serikali niwafundishe akina mama wa hapa kupanga uzazi. Nilibeba picha ya familia mbili, moja ya watoto tisa wenye nguo zilizochanika, nyingine ya watoto wawili wenye viatu. Nilifundisha vizuri kwa sababu niliamini, na mimi mwenyewe nikazaa wawili. Shiku, halafu baada ya miaka saba, Ngugi. Sasa wajukuu wa wale waliotutuma wanakuja kutugombeza kwa kutii.

Moffat aliaga kwa mikono miwili.

Jumanne, 13 Oktoba

Mvua. Hakuna mtu.

Jumatano, 14 Oktoba

Leo Gicheru alileta orodha ya waliokufa tangu uchaguzi uliopita, ili tuwatafute kwenye daftari la wapiga kura na kuwawekea alama. Ni themanini na saba kwa kituo chetu peke yake. Wengine orodha ina nambari zao za kitambulisho, wengine ina majina tu. Monicah aliuliza tutafanyaje tukikuta majina mawili yanayofanana.

"Hiyo ni rahisi," Gicheru alisema. "Hao ni guka na mjukuu. Chukua guka."

Ni kanuni nzuri kwa sehemu hizi. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake wa upande wa baba. Ngugi anamzaa Kahiga, Kahiga anamzaa Ngugi, na jina linaruka kizazi kimoja na kurudi vilevile. Daftari limejaa watu wa namna hiyo, mmoja mzee, mmoja kijana. Aliyekufa karibu kila mara ni mzee.

Nilifika jina la hamsini na mbili. Ngugi Kahiga, nambari haipo. Kwenye daftari wapo wawili. Mmoja ni wa mwaka 1938, baba mkwe wangu, ambaye asubuhi nilimwacha akipalilia viazi. Mwingine ni wa mwaka 1999, mwanangu.

Mwanangu alikufa Machi mwaka juzi, Wang'uru, alikokwenda kubeba magunia kwenye kinu cha mpunga. Walikunywa pombe ya chupa isiyo na jina, yeye na wenzake wawili. Kitambulisho chake hakikupatikana, ndiyo maana nambari haipo. Nilimzika mwenyewe, kwa sababu baba yake alitangulia mwaka 2009. Tangu siku hiyo sisikii kitu. Nakula bila kusikia ladha ya chakula, na kanisani naimba na wengine kwa sababu maneno nayajua.

Nilijua vizuri aliyekufa ni nani. Mkono ukaweka alama kwa 1938.

Tarehe nne Novemba saa kumi na moja jioni orodha inafungwa. Baada ya hapo haibadilishwi tena hadi uchaguzi upite. Nikageuza ukurasa nikaendelea na jina la hamsini na tatu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Wawili. Matope.

Jumapili, 18 Oktoba

Baada ya kanisa tulichuma kahawa, mimi na Baba. Namwita Baba, ndivyo nilivyoambiwa nimwite siku nilipoolewa. Ana miaka themanini na minane na bado anachuma debe moja na nusu, akichagua zile nyekundu tu na kunisema mimi ninayechanganya.

Alitaka kujua ni lini watu watakubaliwa kuja kuangalia majina yao. Nikamwambia kuanzia tarehe ishirini na sita. Amepiga kura kila uchaguzi tangu wa Uhuru, na kila mara huenda kuhakikisha jina lake mapema, kwa sababu mwaka mmoja, hasemi upi, walimwambia haonekani.

"Nitakuja hiyo Monday," akasema. "Nisipate laini."

Laini, yaani foleni. Siku nzima nikiona watu watano nasema tumeshambuliwa.

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilichuma mti mmoja hadi mwisho nikiutafuta mwanzo wa sentensi, halafu tukahamia mti mwingine.

Jumanne, 20 Oktoba

Siku ya Mashujaa. Tulifungua hivyo hivyo, hakuna aliyekuja.

Shiku alinipigia simu kutoka Nairobi. Ameshajiandikisha huko huko, anakoishi. Nilimwambia Gicheru anataka watoto wetu warudi kujiandikisha nyumbani.

"Mami, nikae siku mbili barabarani nipigie kura mtu wa kutengeneza barabara yenye sitembei?"

Nikamuuliza, kwa kuwa Moffat alikuwa amenichokoza, kama ataongeza mtoto wa pili. Ana msichana mmoja, aliyepewa jina la mama wa mume wake, kama ilivyo desturi.

"Mami, wewe ndiye ulitufundisha."

Ni kweli. Baba yangu aliitwa Muriithi na hana mtoto hata mmoja wa kwetu mwenye jina lake, kwa sababu zamu yake ingekuwa mtoto wangu wa tatu au wa nne. Ukizaa wawili, wazazi wa mwanamke hawafikiwi. Jambo hilo halikuwa kwenye ile picha niliyobeba.

Alhamisi, 22 Oktoba

Wanne! Wanafunzi wa chuo waliokuja kwa mazishi.

Ijumaa, 23 Oktoba

Mmoja. Jumla thelathini na nane kati ya mia sita na arobaini. Gicheru hataki tena kuambiwa jumla, anataka kuambiwa "mwelekeo".

Jumatatu, 26 Oktoba

Alikuja. Saa mbili kamili, na lile koti lake la kahawia, kofia, na viatu vilivyopakwa rangi. Walikuwepo watu watano mbele ya meza. Walimpisha, naye akakataa kupishwa, akangoja zamu yake.

Monicah aliingiza nambari ya kitambulisho chake. Akaingiza tena. Kisha akanitazama, na mimi nikawa natafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwangu.

"Guka," akasema polepole, "hapa inasema... ati wewe ni marehemu."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Yeye pia alicheka.

"Marehemu? Na ile chai nilikunywa asubuhi ilienda wapi?"

Wakacheka zaidi. Mama mmoja akasema basi watuletee michango ya mazishi. Baba aliacha kucheka kabla ya wengine. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mama," akamwambia Monicah, "niangalilie Ngugi Kahiga ule mwingine. Wa ninety-nine."

Monicah aliangalia. "Huyo ako, Guka. Huyo ako sawa kabisa."

"Ako sawa," akarudia.

Kisha akanigeukia. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama jinsi nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi mzuri aliyeandika jibu ambalo anajua si lake. Monicah alimweleza kwamba makosa kama hayo hutokea, kwamba kuna fomu na alama za vidole za kuweka upya, kwamba anaweza kurudi hadi tarehe nne. Akamwambia pia kwamba ili yeye arudi hai, ni lazima ijulikane marehemu ni nani, kwa sababu jina moja limeletwa na ofisi ya vifo na haliwezi kuachwa likielea. Mtu wa familia aje aandike.

"Tutaona," akasema Baba. Akavaa kofia yake na kutoka.

Niliendelea na kazi. Wamekuja kumi na wanne kuangalia majina yao, na wapya wawili.

Jumanne, 27 Oktoba

Nilipeleka chakula kwake, akala.

Jumatano, 28 Oktoba

Nilipotoka kazini nilimkuta jikoni kwangu, kwenye kigoda karibu na moto. Huwa haingii jikoni kwangu. Nilimpa chai akainywa yote kabla ya kusema.

"Mama Ngugi, ni wewe uliniua?"

"Ni mimi, Baba."

"Ulikosea?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa akikubali, kama vile nimemwambia bei ya kitu aliyokuwa ameshaikisia.

"Basi wacha ikae hivyo," akasema. "Mimi nimepiga kura hadi nikachoka. Huyo kijana alipiga mara moja tu, na mtu yake hata hakushinda. Mmoja wetu akibaki kwa kitabu, jina iko. Baba yangu alikuwa Kahiga, mtoto yangu akawa Kahiga. Kahiga mwingine hatazaliwa hapa. Si hii moja ibaki?"

Nikamwambia kura yake ni muhimu. Nilisema kama redio. Aliniuliza muhimu kwa nani, na mimi nimeona rejista za kabatini. Wilaya nzima ya wazee kama yeye wakiamka alfajiri na kuvaa makoti hawafikii shule tatu kama ya Thuranira.

Nilifikiri nitafurahi. Amenipa nilichokitaka, bila kunigombeza, na mwanangu amebaki kwenye daftari akiwa na miaka ishirini na saba. Niliosha kikombe chake. Sikusikia kitu.

Ijumaa, 30 Oktoba

Habari ya mzee aliyekufa akiwa amevaa koti ilikuwa imefika sokoni, na kutoka sokoni ikamfikia Moffat. Alinikuta nikifunga dirisha, Monicah ametoka.

"Mwalimu, nimesikia. Nataka nikwambie, hiyo ulifanya ni kazi ya akili."

Nikamwambia sijui anazungumzia nini.

"Mzee wa miaka themanini na nane, siku ya kura anaweza kataa kutoka kwa kitanda. Lakini ile jina ya kijana iko na nguvu. Siku hiyo mashine zikikataa, na huku zinakataanga, tunarudi kwa daftari ya karatasi. Niko na vijana. Mmoja wao ako na umri kama yake. Anasema yeye ni Ngugi Kahiga, anaweka sahihi, anapewa karatasi. Kura imeingia. Ukiwa na wengine kama hao, mwalimu, usiwafute. Mlima unahitaji kila mtu."

"Ataweka sahihi ya nani?"

"Aa, hiyo usijali."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilisimama pale baada ya yeye kwenda. Nilikuwa nimemhifadhi mwanangu mahali ambapo mtu yeyote angeweza kumvaa. Kijana fulani, amelipwa chakula cha mchana, atakuja kwenye darasa hili, atasimama mbele ya karani, na atakapoulizwa jina atasema jina la mwanangu bila kusita. Na watu wa hapa waliombeba kaburini watakuwa kwenye foleni wakimsikia.

Nikashikwa na hasira, nikakaa kwenye dawati la mtoto. Miezi thelathini na moja sijakasirika hata na jogoo. Nilikaa na hasira hiyo, sikutaka iondoke.

Jumapili, 1 Novemba

Nilimwambia Baba yote baada ya kanisa. Alinisikiliza huku ametazama chini.

"Aseme ni yeye?"

"Aseme ni yeye."

"Na aweke sahihi?"

"Ndiyo."

Kisha akauliza, "Mnafunguanga saa ngapi?" Akasema, "Basi twende tumtoe."

Jumatatu, 2 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Njia ya kushuka mtoni haipitiki kwa miguu ya mzee. Nilikwenda peke yangu, nikarudi nimelowa. Hakuna mtu aliyekuja kituoni.

Jumanne, 3 Novemba

Mvua. Boda boda wawili walikataa kumbeba, mmoja akasema hawezi kuua mzee kwa sababu ya kura. Baba alisema alishakufa, asiogope. Lakini hakumbeba.

Jumatano, 4 Novemba

Mvua ilipungua saa saba mchana. Kituo nilikuwa nimemwachia Monicah, tukatoka saa saba na nusu. Ni mwendo wa dakika ishirini na tano, sisi tulitumia saa mbili na nusu. Alikuwa akishika mti wa kahawa, anapumzika, anahamia mti mwingine, na mimi nyuma yake nimeshika mkia wa koti. Kwenye daraja alivua viatu akanipa nibebe. Hatukusema mengi. Aliniambia mara moja kwamba kahawa ya jirani ina ugonjwa.

Tulifika saa kumi. Gicheru alikuwa ameshakuja kuchukua vifaa, anatazama saa. Monicah alimletea Baba kiti, akampangusa vidole kwa pamba. Mashine haikusoma kidole cha kwanza. Haikusoma cha pili wala cha tatu. Jembe lilikuwa limeshafuta kila kitu. Monicah alimshika mkono, akapuliza pumzi yake ya moto kwenye kidole cha mwisho, kile kidogo, akakibonyeza kwenye kioo. Ikasoma.

"Karibu tena, Guka," akamwambia.

Kisha Gicheru akanisogezea fomu ya pili. Nimeandika fomu nyingi maishani mwangu, na mwandiko wangu watu huusifu. Niliandika jina lake. Niliandika Wang'uru. Niliandika tarehe ya kifo, siku, mwezi na mwaka, bila shida yoyote, maana hiyo nimeiona kila siku. Nikafika kwenye mwaka wa kuzaliwa, nikaandika 1999, na hapo ndipo nilipolia. Nilikumbuka ilikuwa alfajiri, na kwamba Baba alikuwa wa kwanza kuja, akasimama mlangoni kwa sababu haruhusiwi kuingia, akauliza kutoka nje kama aliyezaliwa ni yeye mwenyewe.

Nililia kwa sauti, mbele ya watu, kwenye darasa langu. Monicah aliivuta fomu kando isilowe. Baba hakuniambia ninyamaze. Aliweka mkono wake kichwani mwangu, jambo ambalo baba mkwe hafanyi, akauacha pale hadi nikamaliza. Palibaki mstari mmoja, uhusiano wako na marehemu. Niliandika mama, nikatia sahihi yangu.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika nane. Gicheru, ambaye alikuwa amegeuka dirishani muda wote huo akijifanya anatazama mvua, alirudi mezani kukamilisha ripoti. Wapya: hamsini na mmoja. Hakusema lolote kuhusu mia sita na arobaini. Palikuwa na sehemu ya mwisho ya kujazwa, mabadiliko ya idadi tangu ukaguzi uanze, na hapo alihesabu kwa kidole. Aliyerudi ni mmoja. Aliyetoka ni mmoja.

Akaandika, "Hakuna mabadiliko."

Akaniuliza kama ni sawa. Nikamwambia ni sawa.